Mbu kwenye ua wenye bwawa: kwa anayeanza kazi ya kutunza

Ukikabidhiwa bwawa la kuogelea la nyumbani, iwe Masaki, Mbezi au Nyali, malalamiko ya mbu hayatachelewa, na kidole kitaelekezwa kwenye bwawa. Mara nyingi bwawa linasingiziwa. Pampu ikizunguka kila siku, klorini ikiwepo na majani yakiopolewa, mbu hapendi kutaga humo, na hata akitaga, viluwiluwi huvutwa na skima, kisanduku cha ukingoni kinachonyonya maji ya juu, na kuishia kwenye filta. Mbu wa ua kama huo wana asili mbili: maji madogo madogo yaliyolizunguka bwawa, na bwawa lenyewe siku ambazo pampu imesimama.

Kabla hujagusa dawa yoyote, uliza watu wanaumwa saa ngapi. Wakiumwa mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, vifundoni na nyuma ya magoti, huyo ni Aedes, mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na tena 2019. Haruki mbali, kwa kawaida hafiki mita 200 kutoka alikozaliwa. Kwa hiyo anayekuuma saa kumi jioni pembeni mwa bwawa amezaliwa humo humo uani, au kwa jirani wa ukuta mmoja. Wakilalamikia kelele za usiku masikioni, huyo ni Culex, na huyo mtafute kwenye chemba na shimo la maji taka, si kwenye bwawa. Anopheles wa malaria naye huuma usiku. Hupenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana na yenye jua, ndiyo maana bwawa lililotelekezwa humfaa. Kuna pia Anopheles stephensi kutoka Asia, anayezaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya mjini. Alionekana Djibouti mwaka 2012, akasambaa, na Kenya imeshathibitisha yupo kaskazini mwa nchi. Kifuniko cha tangi la kisima kisichofunga sawasawa si jambo la kuahirisha.

Kwa joto la pwani, yai huwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Hapo ndipo ratiba yako inapotoka: chagua siku moja ya wiki, zunguka ua wote, usiiruke. Ukizunguka kila baada ya wiki mbili, kizazi kizima kimeshaondoka.

Mzunguko wa wiki

Anzia kwenye turubali la kufunikia bwawa. Mvua ikinyesha linabonyea katikati na kushika maji ya mvua yasiyo na hata chembe ya klorini, yenye majani yanayooza: chakula na malazi. Wengi huliinua upande mmoja na kuona maji yamekwenda, kumbe yamehamia kwenye mkunjo mwingine. Yanyonye kwa pampu ndogo au yachote, kisha futa. Turubali likivutwa na kamba sawasawa pande zote halibonyei sana.

Nenda chumba cha pampu. Mara nyingi pampu imewekwa chini ya usawa wa ardhi, na sili yake ikichoka hudondosha tone moja moja. Tone hilo halitoshi kumfanya mtu aite fundi, ila linatosha kuweka sentimita mbili za maji kwenye kona ya shimo, gizani, mwaka mzima. Badilisha sili, kupiga deki kila wiki hakuondoi chanzo. Fungua pia mashimo ya valvu.

Kama bwawa lako ni la kufurika, yaani maji yanamwagikia kwenye mfereji wa pembeni na kurudi kwenye tangi la kusawazisha, basi tangi hilo ndilo la kwanza kushuku. Liko chini ya sakafu, limefunikwa, halioni jua, na pampu ikizimwa maji yake hutulia kabisa. Funua mfuniko umulike kwa tochi. Wakiruka mbu usoni mwako, umeshapata jibu. Ziba matundu ya mfuniko na weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la hewa. Mfereji wenyewe uwe na mteremko. Pale maji yanapobaki, vunja kidogo ujaze saruji upya.

Maji ya bakwoshi, yaani ya kuosha filta kwa kugeuza mkondo wa maji, husahaulika kabisa. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa ikiosha filta kwa dakika tatu inatoa lita 500, zenye uchafu wote wa wiki. Klorini iliyomo haivumilii jua hata siku moja, kinachobaki ni maji machafu ambayo Culex anayapenda. Shimo la kunyonya likiziba, utakuwa na dimbwi nyuma ya banda wakati bwawa lenyewe linang'aa. Saa 24 baada ya bakwoshi pasiwe na maji juu ya ardhi. Yakiwepo, zibua shimo au panua.

Vingine ni vya kupita haraka ila usiache hata kimoja: bomba la kusimikia mwavuli, mirija ya ngazi ya chuma iliyopoteza vifuniko, beseni la kuoshea miguu, maboya na vinyago vya watoto, maji ya kiyoyozi, sahani za chini ya vyungu vya maua, vifuu vya nazi, mianzi iliyokatwa juu ya pingili, mifereji ya paa. Bomba na mirija isiyohitajika ijaze mchanga. Chini ya sakafu ya mbao, kama ipo, lazima mtu alale kifudifudi na tochi. Hakuna njia nyingine.

Na chombo ukikimwaga, kisugue. Aedes hatagi juu ya maji. Hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yakikauka yanaweza kukaa miezi mingi yakisubiri. Ndiyo sababu ndoo iliyomwagwa Januari na kuachwa kavu huwa na viluwiluwi siku chache tu baada ya mvua za kwanza za masika. Brashi ngumu na sabuni vinatosha, ukisugua hadi juu ya alama ya maji.

Kupima

Usiseme hakuna mbu kwa kutazama tu. Chukua bakuli jeupe au kata nyeupe, simama ukitazama jua ili kivuli chako kianguke nyuma, maana viluwiluwi vikiona kivuli huzama. Chota pembeni, penye majani au kuta zenye ukijani, mara kumi sehemu tofauti. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anopheles. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya Culex au Aedes. Ukiona vidude vyenye kichwa kikubwa na mkia uliojikunja kama alama ya mkato, hizo ni pupa, zimebakiza siku mbili hivi ziruke. Vijiminyoo vyekundu vya chini ya bwawa havikuhusu, si mbu.

Pampu ikisimama

Umeme unakatika, LUKU inaisha mwenye nyumba akiwa safarini, mota inaungua na fundi anasema Jumatatu. Siku mbili za kwanza si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba klorini inaisha, majani yanazama, ukijani unaanza kwenye ngazi, na kuanzia hapo mbu anaanza kuliona bwawa kama dimbwi.

Elewa hili vizuri, kwa sababu wengi hulikosea: klorini ya kuogelea, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, haiui viluwiluwi kwa uhakika. Kazi yake ni kuzuia mwani na vijidudu ambavyo viluwiluwi hula. Kinachowamaliza ni mwendo wa maji, skima na njaa. Kwa hiyo pampu ikisimama, fanya kwa mikono kile ilichokuwa inafanya. Kila jioni pitisha neti juu ya maji yote, polepole, ukimalizia kwenye kona ambako upepo umesukuma takataka. Sugua kuta na ngazi. Toa kikapu cha skima, safisha, na chota maji yaliyotulia ndani yake. Kisanduku hicho cha skima ndicho mahali pa kwanza kupata viluwiluwi.

Klorini iweke baada ya jua kuzama, la sivyo jua linaila. Hesabu yake ni rahisi. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina mita za ujazo 48. Miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 ya klorini kwa kila mita ya ujazo. Unga wa klorini wa asilimia 65 una gramu 65 za klorini katika kila gramu 100. Ukitaka kupandisha miligramu 5, unahitaji gramu 240 za klorini, yaani gramu 370 za unga. Weka maji kwenye ndoo kwanza, ndipo umimine unga, usigeuze utaratibu. Koroga, acha vumbi litulie, mwaga ukizunguka ukingo, kisha sugua ili ichanganyike.

pH, kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikipanda hadi 8, ni robo tu ya klorini yako inayofanya kazi kwa nguvu, wakati kwenye 7.2 ni karibu theluthi mbili. Watu humwaga klorini zaidi na zaidi, kumbe kinachohitajika ni asidi kidogo tu ya kushusha pH. Vidonge vikubwa vya klorini vya gramu 200 navyo vina mtego wake: kila vinapoongeza miligramu 10 za klorini, huacha miligramu 6 za asidi sayanuriki, ambayo haiondoki isipokuwa kwa kubadilisha maji. Asidi hiyo ikiwa kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita inalinda klorini dhidi ya jua. Ikipita 100, kipimo kitaonyesha klorini ipo lakini bwawa litakuwa la kijani. Vidonge hivyo visikutane na unga hata kwenye kijiko kimoja. Mchanganyiko wake huwaka moto. Asidi na klorini navyo vikae mbali, vikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu.

Bwawa likishageuka kijani

Shauri la kwanza utakalosikia ni kulimwaga lote. Msimu wa mvua, sehemu za pwani ambako maji ya ardhini yako juu, usithubutu: bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini, likainuka na kupasuka.

Opoa majani yote kwa neti kwanza, maana klorini itaishia kwenye majani hayo. Shusha pH hadi 7.2. Jioni weka klorini ya kupandisha miligramu 10; kwa bwawa letu la mita za ujazo 48 ni gramu 740 za unga. Sugua kuta zote, washa pampu saa 24, fanya bakwoshi kila presha ya filta ikipanda. Kama kesho yake klorini imeshuka karibu na sifuri, rudia. Rangi ikigeuka ya maziwa, mwani umekufa. Hapo weka shabu, gramu 50 hivi kwa mita ya ujazo, iliyoyeyushwa kwenye ndoo, izungushe kwa saa moja, zima pampu usiku kucha. Asubuhi uchafu utakuwa umelala chini. Uvute kwa vakyumu moja kwa moja hadi nje, bila kupitia filta. Ukiupitisha kwenye filta, mchanga wake utagandamana na kazi yote itaanza upya.

Dawa ya viluwiluwi na vya kupoteza hela

Kwa maji usiyoweza kumwaga wala kuyafunika, tumia bakteria Bti. Kiwanda cha Kibaha kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Kuba hutengeneza dawa za aina hiyo. Viluwiluwi huila na kufa ndani ya siku moja au mbili. Pupa hazili, hivyo hazifi. Ukiziona nyingi, subiri au zichote. Fuata kipimo cha lebo, na usiiweke kwenye maji yenye klorini, huiharibu.

Kwa shimo la choo lenye maji, kuna njia ya zamani iliyojaribiwa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980: vijipunje vya plastiki nyepesi vinavyoelea, tabaka la sentimita moja au mbili. Viluwiluwi havipati hewa, na mbu hapati pa kutaga. Haifai mahali panapofurika.

Taa ya bluu inayopasua wadudu inaua nondo, mbu wachache. Moshi wa kupulizia unaua waliopo jioni hiyo, kesho wengine wanaibuka. Dizeli au mafuta machafu kwenye bwawa yanaharibu mchanga wa filta na kuacha utando kwenye vigae. Feni kubwa upande wanakokaa watu, kinyume chake, inafanya kazi: mbu ni mrukaji dhaifu.

Bwawa litakalokaa bila kutumika miezi kadhaa, mwenye nyumba akikataa kulipia umeme, weka samaki. Perege wadogo wanakula viluwiluwi vizuri. Pima klorini hadi iwe sifuri, zima pampu au funika skima kwa wavu, weka samaki wachache kwanza uone kama wanaishi siku tatu. Usiwalishe sana, wakishiba wanaacha viluwiluwi. Siku bwawa linaporudishwa kazini, vua samaki wote kabla ya kuweka klorini, na usiwamwage mtoni wala mfereji wa mvua.