Usigeuze picha zote za zamani kuwa JPEG kwa mpigo mmoja

Mkuu, umesema una mamia ya picha za PCX, BMP na TIFF kwenye diski ya zamani na unataka zote ziwe JPEG ili zifunguke kwenye simu. Nakuomba usubiri kidogo. Kazi hiyo nimeshaifanya, na kuna kosa moja linaniuma mpaka leo.

TIFF moja inaweza kubeba kurasa nyingi. Wakati ule sikulijua hilo. Programu niliyotumia ilichukua ukurasa wa kwanza wa kila faili na kuendelea na faili inayofuata, bila onyo lolote. Nikafungua picha tatu nne, nikaona ziko safi, nikafuta za zamani ili nipate nafasi. Miezi kadhaa baadaye nikahitaji ukurasa wa tatu wa mkataba niliokuwa nimeuskani. Haukuwepo, na nakala rudufu sikuwa nayo. Kwa hiyo anza na ImageMagick, programu ya bure ya kukagua na kugeuza picha: kwenye dirisha la amri andika magick identify ikifuatiwa na jina la faili. Itakuletea mstari mmoja kwa kila ukurasa. Ukiona mistari 14, basi lazima zitoke picha 14.

Sasa JPEG yenyewe. Inafaa kwa picha za kamera, kwa sababu inabana kwa kutupa vitu ambavyo jicho halivioni kirahisi. Kwenye mchoro wa mistari au maandishi, jicho linaviona. Geuza ukurasa mmoja, ukuze mara nane, uangalie pembeni mwa herufi: pale palipokuwa peupe kabisa pana vumbi la kijivu. Vumbi hilo halitoki tena, na kila ukihariri na kuhifadhi upya linaweza kuongezeka. PNG inabana bila kupoteza hata pikseli moja, na picha ya rangi 256 inaihifadhi na paleti yake, yaani orodha ya rangi zake. Mimi nakala kuu zote huziweka PNG, kisha natoa JPEG ya kumtumia mtu. Zile ambazo tayari ni JPEG ziache zilivyo.

Pia usiliamini jina la faili. Nimekuta PCX nyingi zimepewa jina la .bmp. Tazama baiti za mwanzo: BMP huanza na herufi BM, GIF na GIF87a au GIF89a, TIFF na II au MM, PCX na baiti yenye thamani 10. PCX za rangi 256 zina jambo lao jingine: paleti iko mwishoni kabisa, ndani ya baiti 769 za mwisho. Faili ikikatika mkia kidogo wakati wa kunakili, umbo linatoka sawa lakini rangi zinavurugika. Ukiona hivyo, rudi kwenye diski uinakili upya kabla ya kuhangaika na programu nyingine.

Kugeuza kwenyewe ni dakika chache. Nakili folda nzima pembeni, ingia kwenye nakala hiyo, andika magick mogrify -format png *.pcx. Neno -format usilisahau, maana bila hilo mogrify huandika juu ya faili yako ya asili.

Halafu hakiki, na hapa usitegemee macho. Andika magick compare -metric AE zamani.pcx mpya.png null: na usubiri namba. Ikija 0, hakuna pikseli hata moja iliyobadilika. Ikija namba nyingine, ile ya zamani usiiguse mpaka ujue sababu.

Ukikwama na faili isiyofunguka popote, weka hapa baiti zake 16 za kwanza na ukubwa wake, tuitazame pamoja.