Kambi ya Pwani: Tafuta pa Kulala Kwanza, Mandhari Utaifuata kwa Miguu

Picha zinazouza kambi za pwani hufanana: hema limesimama mchangani, mlango wazi, mawimbi hatua kumi mbele. Picha hiyo hupigwa asubuhi na mapema, upepo umetulia na maji yamekupwa. Familia ikipiga hema palepale, kufika alasiri mchanga umeshaingia kwenye chakula, kwenye matandiko na machoni mwa watoto, na usiku wa manane wazazi wako macho wakisikiliza kama bahari imesogea.

Ushauri wetu mkuu ni kwamba familia ilale nyuma ya mandhari, si juu yake. Kambi inayofaa iko nyuma ya mstari wa kwanza wa miti au vichaka, imeinuka kidogo, ina kivuli cha alasiri, na mtoto wa miaka mitano anafika ufukweni kwa dakika tano hadi kumi bila kuvuka barabara. Ukishapata pa namna hiyo, sasa linganisha uzuri wa mandhari. Wengi huanzia upande wa pili: wanachagua mandhari, halafu wanavumilia usingizi. Mtu mzima anaweza kuvumilia usiku mmoja mbaya. Mtoto asiyelala anaharibu siku mbili za safari nzima.

Maji yanafika wapi

Hili ndilo swali la kwanza kwa kambi yoyote ya pwani. Kwenye pwani nyingi duniani maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kimo cha maji nacho hutofautiana sana: sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania tofauti haifiki hata nusu mita, ilhali Ghuba ya Fundy, nchini Kanada, inaweza kufika mita 16. Ndiyo maana kanuni ya kuhesabu hatua kutoka majini haisaidii. Ufukwe ukiwa tambarare, maji yakipanda mita moja tu yanaweza kufunika makumi ya mita za mchanga.

Wakati wa hatari ni bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mara nyingi maji hufika juu kabisa siku moja au mbili baada ya hapo. Siku za robo ya mwezi ni maji mafu, bahari haijai sana wala haikupwi sana. Anayefika siku za maji mafu huona mchanga mpana, mkavu, akadhani bahari haijawahi kugusa pale. Wiki moja baadaye mchanga huohuo uko chini ya maji.

Jifunze kusoma ufukwe wenyewe. Tafuta mistari ya mwani, vijiti na makombe iliyoachwa na maji. Mstari wa chini una mwani mbichi, bado una unyevu na inzi wanaurukia. Huo ni wa leo au jana. Juu yake kuna mwingine uliokauka, mweusi au wa kijivu, unaovunjika ukiukanyaga. Huo ni wa bamvua iliyopita. Juu zaidi unaweza kukuta magogo yaliyolala sambamba na ufuo. Hayo yaliletwa na dhoruba. Hema liwe juu ya alama zote hizo, baada ya pale vinapoanzia vichaka vyenye shina gumu. Mimea laini inayotambaa mchangani humea upesi, haithibitishi kitu. Kichaka chenye shina nene kama mkono kimekaa miaka bila kung'olewa na bahari, hicho ndicho shahidi wa kuaminika.

Jedwali la maji kujaa na kupwa linafaa pia kwa kuchagua tarehe. Pwani ya miamba hupendeza maji yakipwa, maana vidimbwi hubaki wazi na watoto wanaona kaa, konokono na samaki wadogo. Pwani ya matope au mchanga tambarare ni kinyume chake: maji yakipwa bahari inakimbia mbali, na kile ghuba cha buluu ulichokiona pichani kinageuka uwanja wa tope. Kama leo maji yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi, kesho itakuwa karibu saa 5 kasoro dakika 10, na baada ya wiki moja saa hiyohiyo ya asubuhi bahari itakuwa inakaribia kujaa. Kwa familia inayotaka kuogelea asubuhi na kupumzika jua likiwa kali, tofauti ya wiki moja hubadilisha likizo yote.

Mlango wa mto una mandhari ya kuvutia, ndege wengi na maji matulivu. Usilale hapo. Mvua iliyonyesha mbali bara hufika saa kadhaa baadaye hata kama kwenu kuna jua, na ikikutana na maji yanayojaa, mto hauna pa kutokea. Penye mamba, ondoa mahali hapo kwenye orodha kabisa. Chini ya magenge pia pana picha nzuri, na hatari mbili: mawe yanayoporomoka, na maji yanayojaa yakafunga njia ya kurudia. Ukiona mawe yenye kingo kali na rangi mpya tofauti na mwamba wa zamani, yameanguka karibuni. Juu ya genge, fikiria mtoto anayetoka kwenda chooni usiku akiwa bado na usingizi. Kama njia ya choo inapita karibu na ukingo, tafuta kambi nyingine. Ukingo wenyewe huwa umeliwa na bahari kwa chini, na ukiwa juu huwezi kuona.

Upepo: usiwe mwingi, usikosekane

Mchana wenye jua, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, kwa hiyo upepo huvuma kutoka baharini. Huanza kabla ya adhuhuri, hushika kasi alasiri, hulegea jua likizama. Usiku hugeuka ukatoka bara, kwa kawaida ukiwa dhaifu zaidi. Kambi iliyotulia saa 3 asubuhi inaweza kuwa inapiga mahema chini saa 9 alasiri, na huo ndio wakati wengi hufika na kuanza kuhangaika na kamba.

Miti itakwambia ukweli. Ikiwa matawi yote yameinamia bara na upande wa bahari umebaki mtupu, upepo wa pale ni wa kawaida yake, si wa siku hiyo tu. Rasi huwa na mandhari kubwa na upepo mkubwa. Ghuba iliyojificha nyuma ya rasi huwa tulivu. Mara nyingi umbali kati yake ni wa kutembea, basi lala ghubani, nenda rasini jioni.

Hata hivyo usitafute mahali pasipo na upepo kabisa, hasa karibu na mikoko au maji yaliyotuama. Hapo pana usubi. Mdudu huyu ni mdogo na dhaifu wa kuruka. Upepo mwepesi tu unamzuia. Pakitulia, anatoka alfajiri na magharibi, na wavu wa kawaida wa hema haumzuii kwa sababu anapita kwenye matundu yake. Uliza wazi kwa simu, "Usubi upo?" Ukiambiwa upo kidogo jioni, chagua nafasi ya hema iliyoinuka, inayopigwa na upepo, uje na wavu wa matundu madogo zaidi na nguo za mikono mirefu.

Mchangani, vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havifai. Kigingi hushikwa na msuguano wa udongo unaokibana, na chembe za mchanga mkavu huteleza, kwa hiyo upepo ukivuta mara chache kinatoka. Chimba shimo la sentimita 40, laza ndani yake kipande cha mti au mfuko uliojazwa mchanga, kamba ikiwa imefungwa katikati. Chimba pia mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mshazari kuelekea kwenye hema. Ikitoka wima itainua kila kitu. Fukia, kisha kanyaga hadi pashindiliwe. Hema la familia linahitaji angalau manne ya namna hii kwenye pembe, na zaidi upande unaopigwa na upepo. Watoto wanapenda sana kazi ya kujaza mifuko, waachieni.

Kivuli hakihitaji maelezo mengi. Mti ulio mashariki mwa hema utawaongezea usingizi asubuhi, ulio magharibi utawapa alasiri isiyochoma. Tazama juu kabla ya kuupenda: tawi kavu lililoning'inia, au mnazi wenye nazi, si pa kulaza mtoto.

Kuichunguza kambi kabla ya kulipa

Fungua picha za satelaiti. Pima umbali kutoka kwenye nafasi za mahema hadi majini, hadi chooni na hadi barabara kubwa. Choo kiwe kati ya mita 30 na 100: karibu zaidi utasikia milango na kunusa, mbali zaidi mtoto hatafika. Angalia kama kuna bandari, kiwanda au ukumbi wa muziki ng'ambo ya ghuba, kwa sababu sauti husafiri sana juu ya maji usiku. Halafu tafuta picha za wageni, si za mwenye kambi, zilizopigwa mwezi uleule mnaokwenda. Pwani yenye mkondo wa maji baridi inaweza kufunikwa na ukungu hadi mchana katika miezi fulani, na mandhari yote uliyoilipia isionekane.

Ukipiga simu, usiulize kama ni pazuri. Uliza maji ya bomba ni matamu au yana chumvi. Uliza jenereta linazimwa saa ngapi, gari linafika hadi kwenye hema au mnabeba mizigo, moto unaruhusiwa, chooni kuna taa usiku, waokoaji wapo ufukweni siku zipi, na kituo cha afya kiko mwendo wa dakika ngapi. Kisha omba namba ya nafasi yenyewe. Nafasi za safu ya mbele huuzwa ghali kwa ajili ya mandhari. Safu ya pili, kama imeinuka hata mita moja, huona bahari ileile juu ya mapaa ya mahema ya mbele na mara nyingi hupata upepo mdogo zaidi. Sisi tungechukua safu ya pili kila mara.

Maji yakiwa ya chumvi, bebeni lita 4 hadi 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Familia ya watu watano kwa siku mbili ni lita 40 hadi 50, na joto likiwa kali ongezeni.

Mtoto anapoogea ni muhimu kuliko rangi ya maji. Ufukwe unaoshuka taratibu ni salama kuliko ule wenye mteremko mkali, ambapo wimbi linavunjikia miguuni na kumvuta mtoto. Mkondo unaorudi baharini huonekana kama njia yenye maji meusi kidogo, mawimbi machache, na povu au mchanga unaoelekea nje. Wageni huchagua palepale kuogelea kwa sababu panaonekana patulivu. Aliyenaswa asipambane kurudi moja kwa moja. Aelee, aite msaada, na akiweza aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mkondo.

Kupanga kambi moja baada ya nyingine

Barabara za pwani hupinda, hufuata kila ghuba, na huzibwa na watu wanaosimama kupiga picha. Panga kwa saa, si kwa kilomita. Kwa watoto wadogo, saa mbili au tatu za gari kwa siku zinatosha, na kila kambi iwe na usiku mbili angalau. Usiku mmoja mmoja maana yake ni kujenga na kubomoa hema tu.

Kambi yenye mandhari kali na upepo mkali isiwe ya kwanza. Anzeni na ghuba tulivu kwa usiku mbili, ambapo familia itajua kila kitu kiko mfuko gani. Iwekeni ile ya rasini katikati, usiku mbili, kisha mmalizie penye maji mengi matamu ili kuoga chumvi na kufua. Siku za mwisho wa wiki ndizo zinazojaa kwanza. Weka nafasi za siku hizo kabla, nyingine zitapatikana.

Mfike saa mbili kabla ya jua kuzama. Kabla ya kushusha chochote, mzazi mmoja aende kwa miguu hadi kwenye nafasi, aangalie mistari ya mwani, matawi juu, njia ya choo, na njia ya kupandia mahali pa juu. Watoto waambiwe siku hiyohiyo: ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, au bahari ikikimbia ghafla isivyo kawaida, kila mtu anapanda juu bila kungoja tangazo wala kurudi kuchukua kitu. Kwenye fukwe wanakotagia kasa, ulizeni viota viko wapi na mzime taa zinazoelekea baharini, kwa sababu makinda hufuata mwanga na kupotea njia. Moto uzimwe kwa maji. Makaa yaliyofukiwa mchangani hubaki ya moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga huwa ni mtoto asiye na viatu asubuhi.

Nafasi mliyopewa ikiwa na kasoro, ombeni kubadilishiwa wakati huo, mizigo ikiwa bado garini na mwanga bado upo.