Tembe za Dharura Zitaniharibu Kizazi?

Swali: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Mwezi huu nimemeza P2, yaani tembe za dharura za kuzuia mimba baada ya kujamiiana, mara tatu, na wenzangu wa bweni wanasema zitaniharibu kizazi. Je, ni kweli?

Jibu: La, binti yangu. Tembe hizo hazileti utasa, wala haziitoi mimba iliyokwisha kutungwa, kwa kuwa kazi yake kuu ni kuchelewesha yai lisitoke katika ovari. Linalonitia wasiwasi ni kuzigeuza kinga ya kila wiki, maana tembe ya dharura, hata ikimezwa mapema ndani ya saa 72, haikingi vyema kama njia za kawaida, na ikirudiwarudiwa huvuruga hedhi. Kipandikizi cha mkononi, kwa mfano, hukinga kwa miaka 3 au 5 kulingana na aina yake, na kikishatolewa uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Nenda kliniki ya chuo chako ukashauriwe, na iwapo hedhi imechelewa, upimwe mimba kwanza. Kondomu nayo msiiache, kwani kati ya hizi ndiyo pekee inayokinga pia dhidi ya virusi vya ukimwi.