Kununua Forester ya mwaka 2006

Ndugu, umeuliza iwapo ununue Subaru Forester ya 2006 ilhali jamaa zako wa Nairobi wanadai Subaru ni gari la vijana wa fujo. Sifa hiyo ni ya madereva zaidi kuliko gari, kwani Fuji Heavy Industries, kampuni iliyotengeneza Subaru na iliyoundwa mwaka 1953 kutokana na kampuni ya ndege ya Nakajima, ilianza kujijengea jina kwa Subaru 360 ya 1958, kigari cha familia. Hofu ya kweli ni injini: ile ya lita 2.5 inajulikana kwa kuvuja gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu), hivyo injini ikishapata moto, angalia mapovu, dalili ya uvujaji huo, kwenye chupa ya akiba ya maji ya kupozea, bila kufungua rejeta, na uulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Usilipe kabla fundi anayezijua injini za pistoni za kulala, kama hii ya Subaru, hajaipima.