Aliyetuletea maji hakuwa kwenye orodha

Ilikuwa kaya ya tano ya utafiti wetu siku hiyo, mkoani Shinyanga, saa saba mchana. Mama mwenye nyumba alitandika mkeka chini ya mwarobaini, tukaanza kuorodhesha wanakaya: baba, mama, bibi, watoto wanne. Msichana wa miaka kama 12 akatuletea maji ya kunywa kwenye jagi, akapiga goti, akaondoka. Nikafunga orodha kwenye kishikwambi, nikaendelea na maswali ya choo na chandarua.

Usiku, nyumba ya wageni, napitia kazi ya siku kabla ya kuituma, ndipo nikashtuka. Yule msichana, mfanyakazi wa ndani, sikumwandika. Mama hakunidanganya hata kidogo. Nilimuuliza "watoto wako wangapi?" akanijibu. Swali lililokuwa kwenye dodoso ni jingine: nani walilala hapa usiku wa jana? Nililifupisha mwenyewe kwa sababu ya njaa, na kaya mbili zilikuwa bado zinanisubiri.

Utafiti ule ulikuwa wa afya na ustawi wa watoto walio katika mazingira magumu. Mtoto aliyekuwa katika mazingira magumu kuliko wote pale nyumbani alipita mbele yetu na jagi, nikamshukuru kwa maji.

Kila msimu wa utafiti vijana waliopata kibarua cha udodosaji hunitumia ujumbe: kaka, nijiandaeje? Wengi huanza na posho, na siwalaumu, maana nami nilianza na posho. Ila nikishawajibu hilo, nawapa habari ya yule msichana, kwa sababu makosa mengi ya kazi hii nimeyaona yakitoka mlemle: tunamhesabu aliye rahisi kuhesabika.

Kwa hiyo lisome swali lilivyo, kisha usiliache. Baada ya orodha kukamilika, mimi huongeza ya kwangu kwa mdomo, kama mazungumzo tu. Na jana aliyepika nani? Anayechunga mbuzi ni wa hapahapa? Kuna mtoto wa ndugu au jirani mnayemlea? Na huyo anayesaidia kazi, analala wapi? Sauti yako isiwe ya askari. Mama akihisi unamtafutia kesi, msichana atakuwa "mgeni aliyekuja kutusalimia," na ukirudi kesho hutamkuta.

Watoto wenye ulemavu nao hufichwa na swali lenyewe. Kule Mtwara nilimuuliza bibi mmoja kama kuna mlemavu nyumbani, akasema hakuna, tena kwa kuudhika kidogo. Dodoso lilipofika kwenye yale maswali yanayoitwa ya Washington Group, nikauliza kama kuna mtoto anayepata shida kuona, kusikia, kutembea au kuelewana na wenzake. "Ah, kutembea, huyo yupo," akasema. Mjukuu wa miaka saba alikuwa chumba cha nyuma. Kwa bibi, "mlemavu" lilikuwa tusi. Shida ya kutembea ilikuwa habari ya kawaida ya mjukuu wake. Msimamizi akikuambia ufupishe maswali hayo kwa sababu yanakula muda, mkatalie kwa adabu. Ndiyo yatakayokufungulia mlango wa chumba cha nyuma.

Kuna watoto ambao hata uulize vizuri namna gani hutawapata, kwa kuwa hawalali katika nyumba yoyote. Utafiti wa kaya hauwafikii wa stendi, wa sokoni, wala walio kwenye makao ya kulelea watoto. Hao wanahitaji utafiti wa namna nyingine, unaokwenda usiku na unaoongozwa na watu wanaowafahamu. Ukiwa mwandishi wa ripoti, liseme hilo ukurasa wa mwanzo, usilizike kwenye maelezo madogo ya mwisho.

Sasa tuseme umempata mtoto. Hapa ndipo pagumu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hivyo unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha mtoto naye akubali kwa kinywa chake. Mzazi akisema "muulize tu, hana neno," bado hujapata kibali cha mtoto. Mtazame. Akiwa anajikunyata na kutazama mlangoni, huyo amekataa, hata kama kichwa kinatikisika kukubali. Na yule msichana wa kazi? Tajiri wake ndiye mlezi wa kutoa ridhaa? Usilitolee uamuzi peke yako mlangoni mwa watu. Kibali cha maadili, kwa Tanzania Bara kile cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, huambatana na utaratibu ulioandikwa. Uliza kwenye mafunzo, kabla hamjapanda gari. Ukiona mkufunzi anababaika, uliza tena.

Kaeni mahali panapoonekana lakini pasiposikika, mkeka mwishoni mwa uwanja kwa mfano. Ukimpeleka chumbani umemtisha, na umejiweka pabaya wewe mwenyewe. Kwa maswali ya ukatili, uwe na maswali mepesi ya akiba. Mtu mzima akisogea, unaingia habari za maji ya kunywa na kunawa mikono, akipita mnarudi. Mwambie mtoto mapema kwamba mtafanya hivyo. Watoto huupenda mchezo huo, na wengine huwa wepesi kuliko wewe kubadilisha habari.

Kosa langu la pili, na hili linaniuma zaidi ya la jagi, ni ahadi. Mvulana mmoja aliniuliza, nikikwambia utamwambia mtu? Nikasema hapana, sitamwambia yeyote. Nilitaka anijibu. Akanijibu, na alichosema kilikuwa kitu nisichoweza kukaa nacho. Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa. Nilitoa taarifa, na nilikuwa sawa kufanya hivyo, lakini kwa mtoto yule mimi ni mtu mzima mwingine aliyemwahidi uongo. Siku hizi nasema tangu mwanzo: tutakayozungumza ni siri, ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza, nitatafuta wa kukusaidia, na nitakueleza kwanza ni nani. Wapo wanaonyamaza baada ya hapo. Ni haki yao.

Na usiseme "pole" kisha ukabonyeza swali linalofuata. Nimewahi kufanya hivyo pia. Weka kishikwambi chini. Idadi ya kaya kwa siku ni shabaha ya msimamizi, mtoto haimhusu. Asubuhi kabla hujaingia mtaani, hakikisha una namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na ya mhudumu wa afya wa jamii, na uzipigie kabla hujazihitaji. Nimewahi kupewa karatasi nzuri ya rufaa yenye namba tatu, mbili hazipatikani.

Vivyo hivyo kwa utepe wa kupima mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Usiandike tu ukaondoka. Mwite mhudumu wa jamii aje mwonane na mama hapohapo, kwa sababu kituo cha afya kinaweza kuwa mbali na nauli haipo.

Halafu fulana. Ukivaa fulana na kofia ya mradi, nusu ya kijiji itaamini ni TASAF wanaandikisha kaya maskini, na majibu yatakuja na umaskini wa kuongezewa. Vaa nguo zako za kawaida, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, eleza kwa maneno machache kwamba hakuna fedha itakayotoka. Sema mara mbili. Watakuelewa mara ya tatu.

Watu huniuliza kama takwimu hizi zina maana yoyote. Zinayo, zikirudi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, uliotolewa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote walipitia ukatili wa kimwili. Kabla ya hapo mtu angeweza kusimama mkutanoni akasema hayo mambo ni ya nchi za watu. Baadaye ukaja MTAKUWWA wa 2017/18, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Lakini kijiji kilichokupa majibu nacho kinadai chake. Mzee mmoja aliniambia, "Mwaka juzi mliandika, mwaka huu mnaandika, daftari halijajaa?" Sikuwa na jibu. Ukiweza, omba bajeti ya mrejesho mapema, hata iwe nauli ya watu wawili kwenda kusimama dakika ishirini kwenye mkutano wa kijiji.

Jambo moja dogo kwa watoto wa kazi za ndani. Usiwaachie kipeperushi. Tajiri akikiona, msichana atajibu maswali magumu kuliko yako. Namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, haitozwi, na tarakimu tatu zinakaa kichwani. Mfundishe kwa sauti ya chini, moja moja sita, mwambie airudie, halafu rudini kwenye habari ya kunawa mikono.