Karakana ya Wasomaji: Bakuli Lililopasuka Usiku

Tangu tulipochapisha picha za mabakuli yaliyokerezwa, yaani kuchongwa kwa patasi huku mbao ikizungushwa na mashine, kutokana na magogo ya kuokota, meza yangu imejaa barua. Nimechagua tano, nyingine nikizifupisha, nami nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa la mwandishi ni kosa letu sote.

Swali. Fundi, salamu. Mvua za Aprili ziliangusha mjakaranda mkubwa hapa mtaani, na mwenye kiwanja akaniruhusu kuchukua magogo manne. Nilikata vipande vya mviringo kama mtu akatavyo mkate wa boflo, nikakereza mabakuli matatu kwa mashine niliyonunua ikiwa imetumika, nikayapiga msasa na kuyapanga dirishani yapate jua. Siku ya pili yote yalikuwa na nyufa kutoka ukingoni hadi kitakoni. Je, mjakaranda haufai? (Msomaji, Kangemi)

Jibu. Unafaa sana, ndugu yangu. Mbao zake ni nyeupe zenye umanjano kidogo, ni laini chini ya patasi, na wachongaji wetu wa vinyago wameukimbilia kwa miaka mingi tangu mpingo ulipoanza kuadimika. Kilichokuponza ni namna ulivyolikata gogo, kisha lile dirisha.

Mbao mbichi zina maji mengi, na zinapokauka husinyaa bila usawa. Kufuata urefu wa mti hazisinyai karibu kabisa. Kutoka kiini kwenda kwenye gome husinyaa kiasi. Bali kuuzunguka mti husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Ukikata kipande cha mviringo chenye kiini katikati, sehemu ya nje hutaka kujibana nayo haina pa kwenda, na mwisho wake ni ufa unaoelekea kiinini. Hakuna mafuta wala gundi itakayouzuia. Mimi mwenyewe nilipoanza niliharibu mabakuli sita kwa njia hiyo hiyo, nikiwa kitandani nayasikia yakilia "ta!" moja baada ya jingine usiku wa Januari, mwezi ambao hewa ya Nairobi hunyonya maji ya mbao kama kitambaa kikavu.

Magogo yaliyobaki yafanyie hivi. Kata gogo lenye urefu unaozidi upana wake kwa sentimita chache, kisha lipasue kwa urefu likipitia katikati, na uondoe kiini chote pamoja na sentimita moja au mbili kila upande. Nusu hiyo ndiyo bakuli lako: mdomo unaweza kuelekea kwenye kiini na kitako kwenye gome. Usilimalize kwa mara moja. Likereze likiwa bichi, uache ukuta mnene kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana, yaani bakuli la sentimita 25 liwe na ukuta wa sentimita 2.5 kila mahali, kitako pia, kwa sababu penye unene usiolingana ndipo ufa huanzia. Paka nta ya mishumaa iliyoyeyushwa kwenye zile pande mbili ambako ncha za nyuzi zinaonekana, maana huko ndiko maji hutoroka kwa haraka. Litie ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki pamoja na maranda yake lenyewe, uliweke sakafuni mbali na dirisha.

Sasa twaa mizani ya jikoni. Pima bakuli kila wiki na uandike uzito kwa penseli kitakoni. Wiki za mwanzo utaona linapoteza gramu nyingi, kisha chache, kisha uzito utasimama. Usipobadilika kwa wiki tatu au nne, limekauka. Huenda ikachukua miezi mitatu, huenda ikachukua sita. Litakuwa limepinda likawa na umbo la yai, na ndiyo sababu uliacha unene: unalirudisha kwenye mashine, unalikereza tena mpaka liwe duara, na ndipo unapoligusa kwa msasa. Magogo unayosubiri kuyafikia yapake nta au rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili leo hii, si kesho.

Swali. Nafanya kazi karibu na wabomoaji wa nyumba kuukuu, na napata milango, boriti, pale za mizigo (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo) na hata vipande vya nguzo za umeme kwa bei ya kutupa. Vyote hivi vinaweza kuwa mabakuli ya chakula? (Fundi chipukizi, Eastleigh)

Jibu. Vingine ndiyo, vingine usivithubutu. Nguzo za umeme ni mikaratusi iliyoshindiliwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo nyingine hulowekwa mafuta meusi ya kreosoti ambayo utayajua kwa harufu. Sumu imeingia ndani ya mbao, hivyo kuondoa ngozi ya juu hakusaidii. Usizikereze na usizichome hata kwa kupikia maharagwe. Pale za mizigo zisome kwanza: zenye muhuri wa HT zilitibiwa kwa joto, nazo ni salama ikiwa hazikumwagikiwa kitu, lakini zenye MB zilifukizwa gesi ya methili bromaidi, basi ziache. Rangi ya zamani ya milango huenda ina risasi. Iondoe yote, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, kabla ubao haujafika kwenye mashine.

Ukikuta mlango wa mvule, hapo Mungu amekukumbuka. Ubao uliokaa ukutani miaka 50 umemaliza kupinda kwake. Pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila upande, kisha tazama kwa macho: palipo na msumari uliokatikia ndani huwa pana doa la buluu nyeusi, kwa kuwa chuma kimekutana na tanini, kemikali iliyomo ndani ya mti. Msumari utoe, doa liache. Katika bakuli linapendeza kuliko nakshi yoyote utakayoibuni. Lakini mvule una hila mbili. Ndani yake mara nyingine hujificha mawe ya chokaa, mawe ya kweli kabisa, yanayoweza kumega makali ya bobari, ile patasi ya mviringo, kwa mguso mmoja, na vumbi lake huwawasha watu wengi ngozi na kuwabana kifua. Vumbi la mbao yoyote si la kuchezea: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Jambo moja zaidi, kwa wale mnaookota matawi katika bustani za Karen na Lang'ata. Ikiwa huujui mti, usiufanye chombo cha chakula. Mwoleanda wa uani ni sumu, na mti ambao wawindaji wetu walichemsha ili kupata sumu ya mishale huota pia kandokando ya jiji hili.

Swali. Bilauri zangu za mguu mrefu huvunjika shingo kila mara ninapokaribia kumaliza. Natumia mbao nilizobakiza kwenye mabakuli. (Bi. Mkereza, Ruaka)

Jibu. Mbao za bakuli hukaa zikiwa nyuzi zake zinakwenda upande hadi upande. Mguu wa bilauri uliokatwa hivyo una nyuzi fupi zinazoukatiza, nao utakatika kama biskuti. Tafuta kipande kikavu, kilichonyooka, ambacho nyuzi zake zinakwenda kutoka kitako hadi mdomo. Mzeituni wa mwitu, ule ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo, haunishindi kuusifu: ni mgumu, una michirizi ya kahawia kama moshi, na tawi lililopogolewa shambani, kwa ruhusa ya mwenyewe, linatosha bilauri tatu.

Kisha fuata mpango. Chimba ndani ya kikombe kwanza, wakati kipande chote bado ni kinene na hakitetemeki, ukimalize hadi msasa wa mwisho. Weka taa ndogo ndani, uzime ya juu, ndipo ukereze nje: mbao inapokaribia milimita mbili huanza kupitisha mwanga mwekundu, na penye giza ndipo palipobaki unene. Baada ya hapo jaza kikombe karatasi laini na ukiegemeze kwa kichwa cha nyuma cha mashine, bila kukaza. Mguu ukereze kwa vipande vya sentimita mbili ukianzia chini ya kikombe, kila kipande ukikimaliza kabisa kabla ya kusogea kuelekea kitakoni, na usirudi nyuma hata ukiona kosa. Patasi iteremke daima kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Nahisi wewe hurudi nyuma; karibu sote hurudi.

Swali. Bilauri ya mbao niipake mafuta gani, na je, naweza kuinywea chai? (Msomaji, Umoja)

Jibu. Chai hapana, joto litaipasua mbao na kuiondoa nta. Maji baridi na maji ya matunda sawa, kisha ioshe upesi bila kuiloweka. Mafuta ya kupikia mengi huchacha. Nenda duka la dawa uulize mafuta safi ya parafini ambayo watu hunywa kulainisha tumbo, nawe usiyachanganye na parafini ya stovu, ambayo ni mafuta ya taa. Sehemu nne za mafuta hayo na moja ya nta ya nyuki, vikiyeyushwa pamoja juu ya maji ya moto, vinatosha. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia uvitandaze nje, maana vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Swali. Nina kipande cha mpingo alichoniachia babu huko Kitui, na mteja wa Ujerumani anataka bilauri mbili, moja ya mpingo na moja ya mjakaranda. Nitazituma vipi? (Msomaji, Kawangware)

Jibu. Mpingo uko katika jamii ya miti ya Dalbergia, ambayo yote, isipokuwa mmoja nitakaoutaja hapa chini, iko tangu tarehe 2 Januari 2017 katika Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani orodha ya vile vinavyouzwa nje kwa kibali. Tangu mwaka 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena moja zimesamehewa kibali cha mkataba. Hata hivyo, ulizia kwanza katika ofisi ya Huduma ya Wanyamapori (KWS), ambayo ndiyo husimamia mkataba huo nchini, na uwe na maandishi yanayoonyesha kipande hicho kilitoka wapi.

Utashangaa kwamba bilauri ya mjakaranda ndiyo inayoweza kukuletea maswali zaidi. Huko Brazili neno "jacaranda" ni jina la mti mwingine kabisa, Dalbergia nigra, uliopigwa marufuku katika biashara ya kimataifa tangu 1992, na afisa wa forodha akilisoma kwenye karatasi yako atafikiri ndio huo. Kwa hiyo andika jina kamili la kitaalamu, Jacaranda mimosifolia, uongeze kwamba ulipandwa na kuangushwa Nairobi, na utie ndani picha ya gogo likiwa bado na gome lake.