Baiskeli anapanda, kutembea hawezi

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 68, tuko Ngamiani hapa Tanga. Mwaka wa pili huu akitoka barabara ya 8 hata ya 12 hafiki, miguu inawaka moto inakufa ganzi mpaka ainame ashike ukuta, akikaa kibarazani dakika tano anaamka mzima. Ila baiskeli anapanda anazunguka mji wote, mama anasema anadeka tu. Kipimo cha MRI kimeonyesha mfereji wa uti wa mgongo umebana kiunoni, wanataka wampasue. Jirani katutisha eti mgongo ukiguswa tu umepooza. Tufanyeje?
Binti wa Mzee

JIBU: Marahaba. Kwanza mwambie mama, mzee hadeki! Hiyo baiskeli ndo imeniambia kila kitu. Akishika usukani anainama, na mtu akiinama ule mfereji unapanuka kidogo mishipa ya fahamu inapumua, akisimama wima unabana tena. Ni umri huo, diski (zile sahani laini katikati ya pingili) zinatuna, kano za ndani zinanenepa, mara nyingi pale pingili ya 4 na ya 5 za kiuno.

Sasa jirani. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya fahamu ya ndani, unaishia juu kidogo ya hapo, chini ni mishipa tu imening'inia kama mkia wa farasi. Anapigwa nusu kaputi, daktari anaondoa kipande cha mfupa wa nyuma na hizo kano, basi. Hatari zipo, kidonda kuingia usaha, utando unaofunika mishipa kuchanika, damu kuganda miguuni, ila kupooza ni mara chache sana. Wakisema wataweka na skrubu za kuunganisha pingili ulizeni kwa nini, maana utafiti wa Sweden wa 2016 ulikuta waliowekewa hawakupata nafuu kuwashinda waliopanuliwa tu. Na mjue mapema, inayopona vizuri ni miguu, kiuno chenyewe kinaweza kikaendelea kuuma.

Haraka haipo, anaweza akaanza na mazoezi na dawa akaangalia. Kuchuliwa hakupanui mfereji, hela hiyo wekeni nauli ya Dar kama ataenda kupasuliwa huko. Lakini siku mkojo ukigoma au ukatoka wenyewe, akapata ganzi pale anapokalia, au mguu ukalegea, hapo msisubiri kesho, hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Na baiskeli msimnyang'anye.